Kadi za kambi za karavani Ulaya: soma tarehe kwanza, bei baadaye

Mtu akianza kufikiria kuvuta karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu, kutoka Uingereza avuke aende Ufaransa, Uhispania au Italia, swali halichelewi: hivi hizi kadi za punguzo za kambi zinafaa kweli au ni njia nyingine ya kutupiga hela? Na kila anayejibu anajibu lake, mmoja anasema zimemwokolea karibu nusu ya gharama, mwingine anasema alifika mapokezi akatoa kadi akaambiwa leo haifanyi kazi, wa tatu anakwambia kadi yake ni ya bima, habari za punguzo ni kidogo tu. Wote watatu wanasema kweli. Shida ni kwamba wanaongelea vitu vitatu tofauti na wote wanaviita "kadi ya kambi", so anayeuliza anatoka amechanganyikiwa kuliko alivyoingia.

Ngoja tuvitenganishe, alafu tuje kwenye ile sehemu inayowaponza wengi, manake bei sio ngumu kuelewa, kinachosumbua ni tarehe.

Kabla ya hapo lakini, kwanini mwenye kambi akubali kukupunguzia? Kambi ya karavani Ulaya ni biashara ya wiki chache sana. Shule zikifungwa Julai na Agosti kila kipande cha nyasi kina mtu, watoto wamejaa bwawani, na bei inakuwa juu kwelikweli. Ikifika Septemba familia zote zimerudi nyumbani, na mwenye kambi bado anamlipa mtu wa mapokezi, bado anakata nyasi, bado anapasha maji ya mabafu, huku nafasi mia na zaidi ziko wazi. Hapo akitokea mzee na mkewe na karavani yao wakamwachia yuro 19 kwa usiku, ni hela ambayo vinginevyo asingeiona. Kwa hiyo anakubali bei ya chini inayotangazwa hadharani, ila kwa siku ambazo yeye mwenyewe anajua hatajaza. Hiyo ya mwisho ndo ya kushika. Siku anazichagua yeye, na wewe na kadi yako hamna sauti hapo.

Aina ya kwanza: bei iliyofungwa, unalipa ukifika

Hii ndo wengi wanaimaanisha wakisema kadi. Inayojulikana kuliko zote ni CampingCard ACSI. ACSI ni kampuni ya Uholanzi iliyoanza 1965, mwalimu mmoja anaitwa Ed van Reine alikuwa amezunguka Uhispania na familia yake kambi moja hadi nyingine anakuta zote zimejaa, ndo akaamua na wenzake watoe kitabu cha kuorodhesha kambi. Kuna kichekesho hapo ukifikiria, kampuni iliyozaliwa kwa sababu kambi zimejaa leo watu wanaijua kwa kadi ya kujaza kambi zilizo tupu.

Kadi yenyewe ni ya mwaka mmoja wa kalenda, Januari hadi Desemba, unaipata pamoja na kitabu chake au sikuhizi ya kidijitali kwenye simu, na bei yake haifiki ya usiku mbili za kambi ya kawaida. Kambi zinazoikubali ni zaidi ya 3,000 sehemu mbalimbali za Ulaya. Kila kambi iko kwenye ngazi moja ya bei, na ngazi zinapanda kwa yuro mbili mbili. Kuna wakati ngazi zilikuwa tatu tu, yuro 12, 14 na 16, sasa hivi zimeongezeka na za juu zimeshapita 20, lakini mantiki ni ileile: unajua usiku wa leo utalipa ngapi kabla hujawasha gari.

Bei hiyo ina nini ndani? Nafasi ya kuegesha, watu wazima wawili, gari na karavani pamoja na hema lake la ubavuni, au motahomu (gari lenye nyumba ndani yake), mbwa mmoja kama kambi inaruhusu mbwa, kuoga maji ya moto mara moja kwa mtu kwa usiku, na umeme hadi uniti 4 kwa siku. Haina kodi ya utalii, ile inayokusanywa kwa ajili ya manispaa, inahesabiwa kwa kichwa kwa usiku na ni ndogo tu ila watu huwa wanaishangaa kwenye bili. Na ukibuki mapema kambi ina haki ya kukutoza ada yake ya kubuki, ambayo ikiwa ni yuro 10 na unalala usiku mmoja basi punguzo lako limeshaliwa hapo.

Sasa angalia neno "wawili". Bei ni ya watu wawili, ukiwa peke yako unalipa ileile. Msafiri wa peke yake ndo anayepata faida ndogo kuliko wote, manake kuna kambi bei yake ya kawaida ya msimu wa chini kwa mtu mmoja inaweza kuwa chini ya bei ya kadi, na hamna atakayekwambia usipouliza. Wenye watoto nao wasome vizuri, kambi nyingine zinaruhusu watoto wadogo bure na nyingine zinawahesabu juu ya ile bei. Na usitegemee kupewa ile nafasi ya mbele ya ziwa, kadi inakupa nafasi ya kawaida, ile ya kifahari yenye bomba lake la maji na mandhari ina bei yake ya pembeni.

Aina ya pili: vocha unazolipia kabla

Hapa mfano unaotajwa sana ni Camping Cheque. Unanunua vocha kadhaa kabla ya safari, zamani zilikuwa karatasi kabisa unachana unampa mtu wa mapokezi, baadaye ikaja kadi inayobeba idadi ya usiku ulionunua. Vocha moja ni usiku mmoja, watu wawili, nafasi na umeme. Hesabu ni rahisi kuliko ya ACSI kwa sababu bei ni moja popote, kwa hiyo mwenye akili anaitumia kwenye kambi za gharama na zile za bei chee analipa keshi.

Ubaya wake unaujua kabla sijasema: hela imeshatoka. Vocha zina tarehe ya mwisho, ukiugua au gari likikufia njiani ukarudi nyumbani wiki ya pili, umebaki na usiku kumi mkononi na mwaka unakwenda. Pia zinakuvuta kwenye kambi zinazozipokea hata kama ulipenda ile ya kijiji cha pili. Mtu anayependa kuamka asubuhi aangalie mvua iko upande gani ndo aamue aelekee wapi, mimi ningemwambia anunue chache kuliko anazodhani atatumia. Kwa anayejua kabisa atakaa sehemu mbili tatu za bei ya juu, hapo vocha zinalipa vizuri.

Aina ya tatu: kadi ya utambulisho

Hii ndo chanzo cha fujo yote. Camping Card International, wengi wanaiita CCI, inatolewa na vilabu vya magari na vya kambi vilivyo chini ya mashirikisho ya kimataifa ya magari na kambi kama FIA na FICC. Kazi yake kubwa ni mbili. Kwanza unaiacha mapokezi badala ya pasipoti, manake sehemu nyingi wanataka kushika kitambulisho au kunakili namba zake, na kuacha pasipoti yako kwenye droo ya mtu usiyemjua sio jambo la kufurahisha. Pili ina bima ya madhara kwa wengine, ukipiga hodi na karavani yako kwenye hema la jirani, kiwango chake kinafika faranga za Uswisi milioni 2.5, na inawafunika watu hadi 11 mnaosafiri pamoja. Punguzo lipo kwenye baadhi ya kambi lakini ni la juu juu, asilimia kadhaa hivi, sio ile bei iliyofungwa. Na mpakani haikusaidii chochote, kule wanataka pasipoti yenyewe.

Kuchanganya zaidi, ACSI nao wanayo ya kwao ya aina hii inaitwa ACSI Club ID. Kwa hiyo mtu anasema "nina kadi ya ACSI" na anaweza kuwa na moja, nyingine, au zote mbili, na akitoa Club ID mahali anapotaka bei ya CampingCard anaambiwa hapana na anakasirika bure. Ongeza Camping Key Europe, ongeza ADAC Campcard ya klabu ya magari ya Ujerumani, ongeza kadi za minyororo ya kambi kama Orbitur ya Ureno ambayo inakupa punguzo kwenye kambi zao wenyewe tu. Huhitaji zote. Anayehamahama nchi tatu nne msimu wa chini, ya kwanza inamtosha na ya tatu ni ya amani ya moyo. Anayekwenda Ureno tu na kulala kambi za mnyororo mmoja, achukue ya mnyororo huo.

Sasa tarehe

Kila kambi kwenye kitabu cha kadi ina mstari wake wa tarehe za kupokea kadi, na hapa ndo pa kukaa na chai yako usome taratibu. Mstari unaweza kusema kadi inapokelewa kuanzia mwanzo wa Aprili hadi katikati ya Mei, alafu unaruka, alafu tena kuanzia mwisho wa Mei hadi mwanzo wa Julai, unaruka tena hadi mwisho wa Agosti, alafu hadi kambi inapofungwa. Yale matundu katikati sio makosa ya uchapaji. Ni sikukuu.

Mimi lilinikuta pembeni ya mto Mosel, Ujerumani. Nimetoka Luxembourg nimechoka, nimeshaona kwenye kitabu yuro 19, nafika naona magari yamepanga foleni nje ya geti nikajisemea labda kuna harusi. Kumbe ilikuwa Alhamisi ya Kupaa kwa Bwana. Ujerumani ni siku ya mapumziko, na watu wanachukua na Ijumaa yake kuiunganisha na wikiendi, siku nne hizo nchi nzima iko barabarani na baiskeli nyuma ya karavani. Dada wa mapokezi alinigeuzia kitabu changu mwenyewe akaniwekea kidole kwenye mstari wa tarehe, hakusema neno. Nililipa bei ya ubaoni, zaidi ya mara mbili, na nikashukuru kwamba nafasi ilikuwepo.

So sikukuu zinazotoboa kalenda ni hizi: Pasaka, Kupaa ambayo daima ni Alhamisi siku ya 39 baada ya Pasaka, Pentekoste ambayo inakuja siku kumi baada ya hapo, na kwenye majimbo ya kikatoliki ya Ujerumani na Austria nzima kuna ile Alhamisi ya Ekaristi Takatifu. Zote zinatembea na Pasaka kwa hiyo tarehe za mwaka jana hazikusaidii. Mwaka 2026 kwa mfano Pasaka ni Aprili 5, Kupaa ni Mei 14, Pentekoste ni Mei 24. Uholanzi wana likizo yao ya shule mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, inaangukia karibu na Siku ya Mfalme Aprili 27, na Waholanzi wakitoka wanatoka kweli.

Alafu kuna lile la Bavaria ambalo linawashangaza wageni sana. Jimbo hilo lina likizo ya shule ya wiki mbili kuanzia Pentekoste, na Wabavaria wanapenda Ziwa Garda la Italia kama vile ni lao, kwa gari ni safari ya siku moja tu kupita njia ya milimani ya Brenner. Kwa hiyo mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni, wakati pwani ya Ufaransa imelala kabisa, Garda imejaa pomoni na kadi hazipokelewi. Ukijua hilo unapanga kinyume: Garda nenda mwanzoni mwa Mei au Septemba baada ya wiki ya kwanza, na zile wiki mbili kaa Dordogne au Ardèche, Ufaransa, unapumua.

Na kuna jambo dogo la katikati ya kukaa. Ukiingia kambini tarehe ya kadi ikiwa bado hai na ukaendelea kulala hadi ikaisha, kuanzia usiku ule unalipa bei ya kawaida. Hamna cha "si niliingia na kadi". Kila usiku unahesabiwa wenyewe.

Spain majira ya baridi ni hadithi nyingine. Pwani ya Costa Blanca, Peñíscola, na kule Algarve ya Ureno, Januari na Februari kambi hazijalala hata kidogo, zimejaa wastaafu wa Kiholanzi, Kijerumani na Kiingereza waliokimbia baridi, wengine wamekaa miezi mitatu wana vyungu vya maua mlangoni. Kadi inapokelewa sana miezi hiyo, lakini kabla hujaitoa uliza bei ya mwezi. Kambi nyingi za kule zina bei ya kukaa muda mrefu ambayo ukiigawa kwa usiku inashuka chini ya ngazi ya kadi, ila umeme unalipia kwa mita. Kadi ni ya mtu anayehama kila baada ya siku mbili tatu. Aliyepanga kukaa wiki nne sehemu moja anajipunja akiing'ang'ania. Na maeneo yale maarufu usifike bila kupiga simu, huo uhuru wa kufika tu bila buking unapatikana Ufaransa ya Mei au Oktoba mapema, sio Benidorm ya Februari.

Siku 90 zinavyogongana na kadi

Kwa anayetoka Uingereza kuna kalenda ya pili inayolala juu ya hii ya kwanza. Tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, mwenye pasipoti yake anaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180 kwenye eneo lote la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, kwa pamoja, sio kwa kila nchi. Zamani wajanja walikuwa wakikaribia kumaliza siku wanavuka kwenda Kroatia kukaa huko kusubiri, lakini Kroatia imeingia Schengen Januari 1, 2023, mlango huo umefungwa. Na mambo ya kutegemea muhuri uliofifia kwenye pasipoti nayo yanaisha, mfumo mpya wa EES wa alama za vidole na picha ulianza Oktoba 12, 2025, kompyuta ndo inahesabu.

Tuone inavyobana. Umeingia Uhispania Januari 5, 2026 ukakaa mfululizo, siku ya 90 ni Aprili 4, siku moja kabla ya Pasaka. Unatoka. Unaruhusiwa kuanza kurudi Julai 4, na Julai 4 ndo kadi zimeshafungwa karibu kila mahali hadi mwisho wa Agosti. Umetumia siku zako zote kwenye kipande kimoja cha msimu wa chini, na kipande kizuri kuliko vyote, Mei na Juni, uko nyumbani unaangalia picha za wenzako. Ndo maana wanaopenda kuzunguka wanagawa, wiki sita masika na wiki sita vuli. Ni siku 84 jumla, haijalishi unapimia dirisha la siku 180 kutoka wapi huwezi kuvuka 90, na zote zinaangukia kadi ikiwa hai ukikwepa yale matundu ya sikukuu.

Kama una mbwa hesabu na cheti chake cha afya, kinachotolewa na daktari wa mifugo Uingereza, kinatumika kuingia ndani ya siku 10 tangu kitolewe alafu kinakubeba miezi kadhaa ya kusafiri. Safari mbili ni vyeti viwili, na sio bei rahisi. Kwa mwenye mbwa basi, kugawa safari kunakula sehemu ya alichookoa kwenye kadi, kila mtu apige ya kwake.

Umeme, gesi na baridi

Uniti 4 kwa siku zinasikika nyingi mpaka uhesabu. Friji ya karavani, ile inayotumia gesi au umeme, inavuta kama wati 125 karibu muda wote, hiyo peke yake ni karibu uniti 3 kwa siku. Ukiwasha hita ya wati 1000 usiku wa Oktoba kwa masaa manne, uniti 4 zimekwisha kabla hujachemsha chai. Kambi nyingi haziangalii mita, ila zenye mita zina haki ya kukulipisha zilizozidi, na zipo zinazofanya hivyo bila aibu.

Kingine ni ampea. Ukiambiwa nafasi ina ampea 6, hiyo ni kama wati 1,380 kwa wakati mmoja. Birika la nyumbani la wati 2,000 likiwashwa tu, tik, giza, na swichi iko ndani ya kisanduku kilichofungwa na ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda kula. Nunua birika dogo la safari, ni ushauri wa kijinga lakini utanikumbuka.

Kwa hiyo joto litoke kwenye gesi, na gesi nayo ina mambo yake. Mitungi ya Uingereza huwezi kubadilisha Ufaransa wala Uhispania, kila nchi ina mitungi na regyuleta zake. Ile ya bluu ya Campingaz inapatikana sehemu nyingi, ila ni butani, na butani ikifika karibu na nyuzi sifuri inaacha kabisa kugeuka gesi, mtungi umejaa na jiko haliwaki. Propani inavumilia hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Anayekwenda milimani Machi na mtungi wa butani nje kwenye sanduku la mbele ataamka asubuhi na mapema.

Msimu wa chini pia ina maana kambi haiko kama picha za kitabuni. Bwawa linaweza kuwa limefunikwa, mgahawa umefungwa, duka linauza mkate asubuhi tu, na nyumba za mabafu tatu kati ya nne zimefungwa. Kitabu kinaandika tarehe za bwawa kando na tarehe za kambi, angalia zote. Nyasi baada ya mvua ya wiki ni tope, omba nafasi yenye kokoto kama gari lako linavuta kwa mbele, manake kutolewa na trekta asubuhi sio picha nzuri ya kuanzia siku.

Usifukuze yuro sita

Hii naiona sana. Mtu ana kitabu, anaona kambi ya kadi ya yuro 17 iko kilomita 40 nje ya njia yake, anaiacha ya yuro 23 iliyo pembeni ya barabara. Kilomita 40 kwenda, 40 kurudi asubuhi, tuseme gari likivuta karavani linakunywa lita 12 kwa kilomita 100, hizo ni karibu lita kumi za dizeli kwa ajili ya kuokoa yuro 6. Hajahesabu saa moja na nusu ya maisha yake na zile barabara nyembamba za vijijini.

Tena Ufaransa kuna kambi za manispaa, kila mji mdogo unaojiheshimu ulikuwa na yake, hazina makuu, bafu safi, miti, mto pembeni, na bei yake ya kawaida mara nyingi iko chini ya ngazi za kadi. Hazimo kwenye vitabu vingi vya punguzo kwa sababu hazina cha kupunguza. Zinafungwa mapema kweli, nyingi mwisho wa Septemba, ila zikiwa wazi mimi huwa naziangalia kwanza. Zile sehemu za motahomu za bei chee Wafaransa wanazoita aires, mwenye karavani ya kuvuta asizihesabu, kwa kawaida ni za motahomu tu na kibao kinasema hivyo.

Barabara nazo haraka haraka: Ufaransa gari likivuta karavani linaingia daraja la 2 la tozo, sio la gari dogo. Uswisi karavani inahitaji stika yake ya pili mbali na ya gari, Austria stika ya gari inatosha. Ujerumani kasi ya mwisho na karavani ni kilomita 80 kwa saa hata kwenye ile barabara yao kubwa, isipokuwa una kibali cha 100. Hivi vyote vinaingia kwenye hesabu ya "nimeokoa ngapi" kabla hujamsifu mtu wa kadi.

Jinsi ninavyofanya mimi siku ya kawaida ya safari: saa nne asubuhi nikiwa bado kambi ya jana nafungua ramani, natafuta kambi mbili au tatu za kadi zilizo mbele kama masaa matatu, nasoma tarehe zake, napiga simu moja. Nauliza mnafungua, mna nafasi yenye kokoto, mnapokea kadi usiku wa leo. Maneno "usiku wa leo" ni ya lazima, ukiuliza tu mnapokea kadi watasema ndio na watakuwa hawajadanganya. Najitahidi nifike kabla ya saa kumi na moja jioni, vuli giza linaingia mapema na kurudisha karavani nyuma gizani kati ya miti miwili ni mtihani wa ndoa. Mapokezi ya Ufaransa yanafungwa mchana hadi saa nane au tisa, kwa hiyo kufika saa saba ni kukaa nje ya geti unakula sandwichi.

Na ukichelewa ukakuta kumefungwa usiogope, msimu wa chini mara nyingi kuna karatasi mlangoni inasema chagua nafasi yoyote, njoo ulipe asubuhi. Chagua, lala. Asubuhi nenda na kadi mkononi kabla hawajaandika risiti, manake bei ikishaingia kwenye kompyuta kuitoa inamhitaji bosi, na bosi msimu wa chini huwa ameenda mjini.